Karatasi ya uongo kwenye dosie ya kazi: sheria ifuatwe kwa wote



Tumewaita leo hapa Beni juu ya jambo ambalo kila mutu analijua na wachache tu wanalisema kwa sauti: makaratasi ya uongo kwenye dosie za kuomba kazi. Diploma ya kununua. Atestasio ya kazi ambayo haikufanywa hata siku moja. Permi ya shofa ambaye hajapita mtihani wowote. Mjini tunaita hiyo « fo », na tunalisema hilo neno tukicheka. Lakini vijana wanaofika kwenye bilo yetu na barua ya kufukuzwa mkononi hawacheki. Na wale wanaokuja kulalamika kwamba nafasi yao imechukuliwa na mutu mwenye diploma ya kibandani, nao hawacheki. Wakati mwingine hawa na wale wanakaa kwenye kiti kimoja wakingoja tuwasikilize.

Tuseme mapema pahali tunaposimama, ili mutu asitoke hapa akisema kwamba sisi tunatetea wadanganyifu. Karatasi ya uongo ni kosa. Mwenye kuitengeneza amekosa, mwenye kuitumia amekosa, na mukubwa wa kazi anayeipokea akijua vizuri ni ya uongo, yeye pia hana mikono safi. Huyu wa mwisho njo tutakaa naye kwa muda mrefu, juu watu hawamzungumzie.

Kwanza hasara. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Sekondari na chuo bado ni mfuko wa mzazi. Hapa kwetu mzazi anauza kakao, anauza mbuzi, anakopa kwa jirani, ili mtoto amalize masomo. Mtoto anapita Exetat, anaenda Institut ya mafundisho ya uganga, anamaliza, anaweka dosie. Na kwenye kituo cha afya kunaingia mutu aliyelipa dola chache kwenye kibanda cha kompyuta na fotokopi, akaandikiwa kwamba yeye ni mwuguzi A1. Mgonjwa anayelala pale hana namna ya kujua. Atapewa kipimo cha dawa na mutu ambaye hakufundishwa kupima dawa. Vilevile kwenye barabara ya Kasindi: camion imejaa mizigo, juu ya mizigo kuko abiria, na kwenye usukani kuko permi ya kununua. Tusiseme basi kwamba fo haiumize mutu.

Lakini dosie hazifanane, na hapa njo tunaomba wakubwa wa kazi watusikilize vizuri.

Kuko mutu aliyetengeneza diploma ya masomo ambayo hakusoma. Huyo ni mdanganyifu, hakuna njia ya kumzunguka. Kuko mwingine aliyesoma kweli, aliyefaulu kweli, lakini karatasi yenyewe hana. Munajua namna diploma ya Serikali inavyochelewa: kijana anafaulu, anapewa atestasio, halafu anangoja diploma yenyewe miaka na miaka. Munajua pia historia yetu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia katikati ya Goma na ukachoma manyumba pamoja na yote yaliyokuwa ndani. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23, na watu wakakimbia na nguo walizovaa. Na huku kwetu Beni, Lubero, na ng'ambo ya Ituri, ni vijiji vingapi vimechomwa na ADF? Mutu anayekimbia usiku anabeba mtoto, habebi diploma.

Huyu wa pili akifika kwenye mlango wa kazi wanamwambia: dosie haijatimia. Njia ya haki iko, anaweza kurudi kwenye shule, kwenye inspection ya elimu, aombe karatasi ingine. Lakini shule iko upande wa pili wa vita, ao imefungwa, ao mkuu wa shule anaomba pesa ambazo mkimbizi hana. Wakati ule ule komisionere mmoja anamwambia polepole: « Leki, nipe dola kumi na tano, kesho asubuhi unakuja kuchukua yako. Tutatia kashe, hakuna mutu ataangalia. » Anakubali. Anatengeneza karatasi ya uongo juu ya masomo ya kweli. Mbele ya sheria hilo bado ni kosa, na hatutamwambia kijana yeyote kwamba ni dogo. Ila mukubwa wa kazi mwenye akili ataona tofauti kati ya mutu asiyejua kazi na mutu asiyekuwa na karatasi.

Halafu kuko wa tatu, ambaye hana kosa hata kidogo: majina yake hayalingane. Kadi ya uchaguzi inasema Mumbere Josué, diploma inasema Mumbere Kasereka, cheti cha ubatizo kinasema Joseph. Munajua ni kwa nini. Sisi katika inchi hii tuna jina, postnom na prénom, na kila bilo inaandika inavyosikia. Wazazi wetu waliozaliwa ao kusoma miaka ya 1970 walikatazwa na Mobutu kubeba majina ya kikristo, kwa hiyo makaratasi yao yanasema hivi na watu wanawaita vile. Na juu ya miaka mingi hatukuwa na kadi ya utambulisho wa taifa, tukatumia kadi ya uchaguzi kwa kila jambo, hata kama wino wake unafutika mfukoni. Herufi moja kupotea si fo. Tumeona barua za kufukuza zenye kuita jambo kama hilo « faux », na hiyo ni kutukana mutu bure.

Sasa sheria inasema nini? Tunaisoma kwa Kiswahili juu ni yetu sote, si ya maavoka peke yao.

Kodi ya makosa, kwenye kipengele cha 124, inasema mwenye kuandika karatasi ya uongo kwa nia ya kudanganya ao ya kuumiza anaweza kufungwa kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano, na amende juu yake. Kipengele cha 126 kinasema mwenye kuitumia kwa nia hiyo anaazibiwa sawa na aliyeiandika. Kwa hiyo wewe uliyesema « mimi sikuitengeneza, nililipa tu », ujue umesimama pamoja na komisionere wako.

Upande wa mkataba, tuko na sheria ya zamani sana ya mikataba, ile dekreti ya 30 Julai 1888, ambayo bado inatumika. Inasema mutu akikubali mkataba juu amedanganywa, na bila ule udanganyifu asingekubali, mkataba unaweza kuvunjwa na tribinali. Lakini inaongeza neno ambalo wengi wanaliruka: udanganyifu haukisiwi, unapashwa kuhakikishwa. Anayesema « umenidanganya » njo analeta ushahidi. Haitoshi kusema kashe inaonekana vibaya.

Na tuko na Kodi ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inakubali kwamba mutu aliyekosa uaminifu amefanya kosa zito, na kosa zito linaruhusu kuvunja mkataba bila preavi. Waajiri wanaijua sana hiyo sehemu. Ile isiyopendwa ni inayofuata, kwenye kipengele cha 72: mwenye kutaka kuvunja mkataba kwa kosa zito anapashwa kumwandikia mwenzake katika siku 15 za kazi, kuhesabia siku alipojua jambo lenyewe. Akihitaji kufanya uchunguzi, anaweza kumsimamisha mfanyakazi kwanza, lakini hiyo pia ni kwa maandishi, katika siku mbili za kazi tangu alipojua.

Siku 15. Mukamate hiyo namba, juu njo inafungua mlango wa jambo lililotuleta hapa.

Tuchukue mfano wa dada mmoja kwenye kesi ya duka kubwa. Patroni amegundua kwamba diploma yake ya G3 si ya kweli. Hasemi kitu. Anaiweka kwenye droo. Mwezi unaofuata anapunguza mshahara. Dada anauliza, patroni anafungua droo kidogo, anafunga. Dada ananyamaza. Masaa ya ziada hayalipwi, ananyamaza. CNSS haijawahi kupewa jina lake, ananyamaza. Anapata mimba, anaambiwa asirudi, na akithubutu kusema Inspection ya kazi, karatasi itatoka kwenye droo na kwenda kwa polisi. Kwa wengine, hasa wadada, patroni anaomba kitu kingine kabisa ili droo ibaki imefungwa. Munaelewa.

Huyo patroni hatafuti ukweli wa diploma. Ametafuta kamba, na ameipata. Karatasi ya uongo iliyokaa droo mwaka mzima haimlinde mgonjwa, haimlinde mteja, wala haimrudishie kijana mwingine nafasi yake. Inamtumikia patroni peke yake. Sheria ilikataa mchezo huo ilipoweka siku 15: ukijua, sema; usiposema kwa wakati, huwezi tena kujificha nyuma ya kosa zito na kumtupa mutu njiani bila preavi. Utapashwa kupita njia ya kawaida, yenye sababu ya kweli na yenye preavi. Na tribinali ikiona umemfukuza mfanyakazi bila sababu ya kweli, unaweza kulipishwa mpaka mishahara 36 ya mwezi.

Ndiyo, tunajua mutu atauliza: basi mdanganyifu anaweza kushinda? Kwa upande wa kazi anaweza kupata preavi yake, ndiyo. Upande wa parquet, jambo lake ni lingine na hatulizuie. Tunachokataa ni mutu mmoja kuwa patroni, jaji na mlinzi wa gereza kwa wakati mmoja.

Hapo hapo tuseme juu ya kasho. Kuko waajiri ambao wakigundua fo wanaita OPJ anayejulikana kwao, kijana anafungwa siku mbili tatu mpaka familia ilete pesa, halafu anaachiliwa, na hakuna dosie yoyote inayofika parquet. Pesa imeliwa, mshahara wa mwezi wa mwisho umeliwa pia, na komisionere aliyetengeneza karatasi anaendelea na kazi yake ileile kwenye kibanda kilekile. Hiyo si haki, ni biashara juu ya biashara. Kama ni kosa la jinai, mashitaka yaende kwa procureur kwa maandishi, na karatasi yenyewe iwekwe kwenye dosie. Kama ni bishano la mkataba, linapita kwanza kwa Inspekta wa kazi ili kutafuta mapatano, na kama hakuna mapatano, linaenda tribinali ya kazi. OPJ si Inspekta wa kazi.

Na siku zilizofanyiwa kazi zinalipwa. Hata kwa mdanganyifu. Alifungua duka asubuhi, alifunga jioni, alibeba mizigo: jasho lake halikuwa fo. Anapashwa pia kupewa cheti cha mwisho wa kazi, chenye kusema alifanya kazi gani na kutoka tarehe gani mpaka gani. Sheria inakataza kuongeza humo maneno mengine ya kumchafua.

Sasa tuangalie mkataba wenyewe. Siku hizi mikataba mingi, zaidi ya maONG, ina kipengele kinachosema: « mfanyakazi anahakikisha kwamba makaratasi yote aliyotoa ni ya kweli, ikionekana kinyume, mkataba utavunjwa mara moja. » Kipengele hicho si kibaya, sisi tunakikubali. Kinamuonya mutu kabla hajatia saini. Ila hakifute sheria. Hata ukiwa umetia saini mara mia, patroni bado anapashwa kuandika barua, kutaja sababu, kuheshimu siku, kukusikiliza. Mkataba hauwezi kukunyima kile ambacho Kodi ya kazi inakupa.

Wakubwa wa kazi mulio hapa, tunawaomba mambo ambayo hayagharimu sana. Angalieni karatasi kabla ya saini, si miaka miwili baadaye siku mutu anapodai nyongeza. Majina ya waliofaulu Exetat yanachapishwa kila mwaka. Shule na chuo vina simu na vina sekretari. Barua moja inatosha. Muda wa majaribio umewekwa kwa kazi ya namna hiyo: mwezi mmoja kwa mfanyakazi wa mikono asiye na ufundi, mpaka miezi sita kwa wengine. Mukipata jibu lenye mashaka, muiteni mutu, mumuonyeshe jibu, mumpe siku za kueleza kwa maandishi. Pengine chuo kimekosa jina. Pengine sekretari wa chuo alitafuta kwenye mwaka usiokuwa wake. Ikibaki kwamba ni uongo, mufuate sheria, na muulize karatasi ilitoka wapi, juu huyo mwenye kashe za bandia ana wateja wengine. Na mutu aliyefika kwa vita bila karatasi, mumpe mtihani wa kazi. Mwuguzi wa kweli ataonekana. Fundi wa umeme vilevile.

Ombi moja tena: musishike diploma original za watu. Mutu anaonyesha original, munalinganisha, munabaki na kopi. Kuko vijana wasioweza kuacha kazi mbaya juu diploma yao ya kweli imefungiwa kwenye kabati la patroni. Ile ni droo nyingine.

Kwa viongozi wa elimu na wa mkoa, hatuombe, tunadai. Diploma zilizolala Kinshasa zitoke. Wakimbizi wa vita wapewe kopi mpya bila malipo na bila kurudishwa kwenye shule ambayo hawawezi kuifikia. Inspection ya kazi ipewe watu na usafiri, juu inspekta asiye na pikipiki hawezi kujua kinachofanyika Oicha ao Mangina. Na vile vibanda vya kashe, kila mutu anajua viko kwenye njia gani. Askari wanapita hapo kila siku.

Kwenu vijana. Kama una karatasi ya uongo kwenye dosie ambayo haijajibiwa, nenda uiondoe kesho. Kama karatasi yako imepotea, andika barua ya ukurasa mmoja: shule, mwaka, option, namba yako ya Exetat, jina la mkuu wa shule, namna ulivyopoteza, na uiweke pahali pa diploma. Wengine watakukatalia, hatutakudanganya. Kama majina yako hayalingane, tafuta atestasio inayosema kwamba ni mutu mmoja, kabla mwingine hajakuita mwizi. Unapotoa dosie, andika orodha ya ulichotoa na uombe kashe ya kupokea kwenye kopi yako, ili siku moja wasikuwekee karatasi ambayo si yako. Hilo pia linafanyika.

Na wewe ambaye tayari uko ndani ya kazi na droo imefungwa juu yako: hatuwezi kukuahidi kwamba ukisema utabaki na kazi. Pengine utaipoteza, pengine utafika parquet. Tunaweza kukuambia tu kwamba anayekuomba mwili wako ao mshahara wako ili anyamaze amefanya kosa lake mwenyewe, na kosa lako halimpe ruhusa. Njoo na tarehe, njoo na meseji zake usizifute, njoo na mutu unayemuamini. Tutakaa na avoka kwanza kabla ya kufanya lolote, na jina lako halitatoka kwetu.

Bilo iko wazi siku za kazi mchana. Maavoka wawili wanaotusaidia wako hapa, wamekaa upande wa dirisha, na leo hawaombe pesa. Tunapokea sasa maulizo. Walio na barua za kufukuzwa mfukoni waanze, juu siku zao zinahesabiwa.